Pikipiki Isiyoazimika

Nilikuwa na miaka thelathini na minane nilipoinunua, na hata siku hiyo nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimezunguka mashamba ya Mbande kwa miguu tangu asubuhi, kwa sababu pikipiki ya ofisi ilikuwa imechukuliwa na mkubwa wangu kwa kazi ambayo hakuitaja. Mimi ni bibi shamba. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima, kukagua mahindi na alizeti, kuwaonyesha viwavijeshi wanapoanza kujificha ndani ya majani machanga, na kuandika ripoti ambazo sijui nani huzisoma. Bila chombo cha usafiri, bibi shamba ni mwanamke anayetembea juani na daftari kwapani.

Mradi mmoja wa wageni ulikuwa umefungwa maeneo yale, na vitu vyake vilikuwa vinapigwa mnada: viti, makabati, pampu za maji, pikipiki tano. Nne zilikuwa za kawaida, zile ambazo spea zake utazikuta hata kwenye duka linalouza soda na vocha. Watu walizigombania. Ya tano ilikuwa imeegemezwa ukutani peke yake. Ilikuwa kubwa, nzito, rangi ya kijani iliyopauka, na silinda zake mbili zilitokeza pembeni, moja kushoto na moja kulia, kama mtu aliyeshika kiuno akisubiri maelezo. Ubavuni ilikuwa na kigari chenye kiti kimoja na gurudumu lake lenyewe. Haikuwa na mnyororo. Nguvu ilikwenda gurudumu la nyuma kwa shafti, kama gari. Kwenye tangi palikuwa na jina la kampuni, lakini kwa herufi za kigeni ambazo hakuna aliyekuwepo pale aliyeweza kuzisoma. Dalali alizitazama, akakohoa, akasema, "Na hii nayo ipo."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikanyoosha mimi.

Sitaki kudanganya kwamba niliipenda nilipoiona. Niliichukua kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushindana naye, na siku ile sikuwa na nguvu za kushindana na mtu.

Nilipofika nayo nyumbani Chang'ombe, nikisukumwa na vijana wanne kutoka pale lori lilipoishusha maana haikuwaka, mume wangu alikuwa mlangoni. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, lakini upole wake una makali yake. Aliitazama kuanzia taa ya mbele mpaka tairi la nyuma.

"Mama watoto, umeleta nini?"

"Pikipiki."

"Na hicho cha pembeni ni mtoto wake?"

Majirani waliokuwa wakichungulia wakacheka, na kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulikuwa unaiita Trekta.

Ilinichukua karibu mwezi kujifunza kuiwasha. Kiki yake huipigi ukiwa umeikalia, unasimama pembeni. Kwanza unafungua petroli na kungoja. Unabonyeza kitufe kidogo juu ya kabureta ya kushoto mpaka petroli ichuruzike kidogo, halafu unazunguka upande wa pili, unafanya vilevile. Unapiga kiki mara mbili swichi ikiwa imezimwa, ili ivute. Ndipo unawasha swichi na kupiga ya tatu, kwa uzito wa mwili mzima, na usipoondoa mguu haraka inakurudishia teke. Asubuhi za Juni, upepo wa Dodoma ukiwa unapenya mpaka kwenye mifupa, ilitaka kiki tano au sita. Mimi siyo mwanamke mkubwa. Nilikuwa nikifika kazini nikiwa tayari nimefanya kazi.

Basi niseme lini niliipenda, kwa kuwa watu wameniuliza miaka yote hii na sijawahi kuwajibu sawasawa.

Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa kinaazimwa. Mume wangu ana wadogo zake watatu, wote wanaishi mjini, na ukoo wao umelelewa hivyo, kwamba cha mmoja ni cha wote. Ngazi yetu, pasi yetu, sufuria kubwa za shughuli, baiskeli ya mtoto, hata koti langu la mvua. Pikipiki ya ofisi iliporuhusiwa kulala kwangu ilikuwa ikiondoka saa kumi na moja jioni na kurudi asubuhi bila mafuta. Sikulalamika. Ukilalamika kwa mashemeji unaitwa mchoyo, na jina la uchoyo halifutiki. Lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo nikinunua kitu, hata kiwe kizuri namna gani, nilikihesabu tayari kimeondoka.

Jumamosi moja shemeji yangu wa katikati akaja. "Shemeji, naomba Trekta lako nifike Majengo mara moja tu."

Nikampa ufunguo. Nilikuwa naosha vyombo uani, nikaendelea kuosha. Alipiga kiki. Akapiga tena. Akavua shati. Akaita rafiki yake aliyekuwa akipita, naye akapiga mpaka akachechemea. Baada ya nusu saa akanirudishia ufunguo, jasho linamtiririka, akasema, "Shemeji, hii haifai," akaenda kutafuta bodaboda.

Nilifuta mikono, nikaenda kuisimamia pale. Petroli, kabureta ya kushoto, kabureta ya kulia, kiki mbili kavu, swichi. Ikawaka. Nikaiacha ingurume kidogo, kisha nikaizima nikarudi kwenye vyombo. Hapo ndipo nilipoipenda. Ilikuwa kitu cha kwanza tangu niolewe ambacho kilikuwa changu, na sikulazimika kugombana na mtu ili kiwe changu. Hakuna mwizi aliyeitaka, maana spea zake angemuuzia nani? Hakuna aliyeiazima.

Mengine niliyapenda baadaye. Nilipenda kwamba haikuwa na haraka. Nilipenda kubeba mbegu na vifaa vyangu kwenye kigari bila kuvifunga kamba. Nilipenda kwamba wakulima walinisikia nikiwa bado mbali, na wakati nafika walikuwa wameshakusanyika kwenye kivuli. Lakini ilichosha, na siwezi kuificha hiyo. Ilinichosha mgongo, ilinichosha mikono, na zaidi ya yote ilinichosha kwa maswali. Kila kituo cha mafuta: hii inatoka nchi gani, inakula mafuta kiasi gani, mama kwa nini hukuchukua ya kawaida? Madereva wa malori pale Kibaigwa walikuwa wakiizunguka kama ng'ombe wa mnadani, wakiigonga tangi kwa vidole. Nilijibu kwa heshima miaka miwili ya kwanza. Kisha nikawa najibu tu, "Nilipewa."

Spea ndizo zilizonikutanisha na mzee wa Kondoa.

Majengo kuna duka la vyuma la familia moja ya Kihindi, lililofunguliwa na babu yao. Mwenye duka wa sasa ni mtu wa makamo anayezungumza taratibu na kukumbuka kila skrubu aliyowahi kuuza. Mwaka wa kumi tangu niinunue nilikwenda kumuuliza sahani za klachi, nikiwa nimebeba ile iliyokwisha ndani ya gazeti. Akaigeuzageuza.

"Mama, hii sina. Na sitaipata." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Lakini kuna mtu mwingine ananiuliza hivihivi. Mkoa mzima mko wawili."

Akaniandikia namba ya simu kwenye kipande cha boksi.

Nilipiga jioni ileile. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mzee, kavu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza: mimi ni bibi shamba wa Dodoma, nina pikipiki ya silinda mbili za pembeni, klachi imekwisha.

"Unayo?" akasema. "Wewe unayo? Yenye kigari?"

"Ninayo, baba."

"Na kigari hujakiuza?"

"Sijakiuza."

"Sawa," akasema. "Subiri kesho, basi la asubuhi. Nina sahani mbili za akiba. Nitakutumia moja."

Alikuwa Mrangi, mkulima wa ulezi na mbaazi katika milima ya Kondoa, aliyewahi pia kufanya biashara ya asali. Yake aliachiwa na mchimba visima mmoja wa kigeni aliyeondoka nchini na mabegi mawili tu. Kwa miaka tisa tulisaidiana hivyo. Kondakta wa basi alikuwa akinishushia kitu kizito kilichofungwa kwenye kiroba cha unga: beringi, kebo, kipande cha breki alichokichonga mwenyewe kwa msumeno. Nami nikimtumia plagi na oili ambazo Kondoa hazikupatikana. Tulionana mara tatu tu katika miaka yote hiyo, alipokuja mjini kwa shughuli zake. Mengine yote yalikuwa kwenye simu. Injini ikilia vibaya alikuwa ananiambia niiweke simu chini karibu na silinda.

"Usiseme neno. Niache nisikilize."

Mimi nachuchumaa uani na mafuta mkononi, yeye yuko mlimani kwake anasikiliza. Kisha anatoa hukumu: vali ya kulia imebana, au, petroli ina maji. Hakukosea mara nyingi. Mume wangu alikuwa akipita na kutikisa kichwa. "Huyo mzee anakujua kuliko mimi," alisema siku moja, akitabasamu, ila si sana.

Mwaka juzi, msimu wa mavuno, nilikuwa nimetoka sokoni Kibaigwa kupima unyevu wa mahindi ya kikundi kimoja cha wakulima. Nilipoanza kupanda kimlima kidogo nikasikia mlio kama mtu anatafuna mawe, na pikipiki ikasimama huku injini inanguruma vizuri kabisa. Nilijua kabla sijafungua. Ilikuwa gia ya gurudumu la nyuma, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye shafti. Meno yake yalikuwa yamekwisha. Kirikuu, gari dogo la mizigo lililokuwa limepeleka viroba sokoni, ndicho kilichonirudisha mjini, mimi mbele na dereva, Trekta nyuma limefungwa kama mbuzi.

Nikampigia mzee. Nikamweleza.

"Yangu imekufa mwezi wa pili sasa," akasema.

"Imekufaje? Mbona hukuniambia?"

"Pistoni imechana silinda. Hiyo haina dawa, mwanangu. Nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia." Akakohoa. "Lakini gia ya nyuma ni nzima. Njoo uichukue. Angalau moja itembee."

Nilikwenda kwa basi Jumamosi iliyofuata. Kutoka Kondoa mjini nilipanda bodaboda mpaka barabara ilipoanza kuwa makorongo, kijana akaniambia hapo ndipo mwisho wake, nikatembea. Udongo mwekundu umeliwa na maji huko mpaka njia nyingine zimebaki kama ngazi. Nilifika nikihema.

Mzee alikuwa ameshaifungua gia. Ilikuwa imelala juu ya mkeka, imeoshwa kwa petroli, inang'aa, na pembeni yake skrubu zote zimepangwa kwa ukubwa. Pikipiki yenyewe ilikuwa chini ya paa la mabua, gurudumu la nyuma limetolewa, kigari kimefutwa vumbi, kiti chake kimewekewa mto wa kitambaa cha maua.

Tulisalimiana, akanionyesha kila jino la gia kwa kidole. Hakuna hata moja lililokuwa limeliwa. Kisha akaenda msikitini kuswali adhuhuri, akaniacha na mkewe.

Mkewe alikuwa jikoni ameketi kwenye kigoda, anasonga ugali wa ulezi kwa mikono yenye nguvu kuliko nilivyotarajia. Aliponyanyuka kuchukua sahani ndipo nikaona. Alinyanyuka kwa fimbo na kwa ukuta, na mguu mmoja aliuburuta. Nikamwambia akae, nitachukua mimi.

"Nyonga," akasema. "Nilianguka kisimani. Imeunga vibaya."

"Pole sana, mama. Na hospitali unakwendaje?"

Akacheka kidogo. "Kwenye hicho." Akanyoosha mwiko kuelekea nje, kwenye kigari. "Kila mwezi, kliniki ya sukari na presha. Bodaboda siwezi kuipanda, mguu haupandi. Bajaji haifiki huku. Yeye ananikalisha pale na mto wangu, tunashuka polepole. Watu wanatucheka." Akaendelea kusonga. "Sasa mwezi wa pili sijaenda."

Nikazipanga sahani chini, moja moja.

"Watoto wanasema watakodi gari," akasema. "Watakodi. Lakini usimwambie nimekuambia. Amekupa kwa moyo, na akijua nimesema atajiona amedhalilika. Chukua gia yako, mwanangu. Mimi nimechoshwa na hicho chuma, nakuambia kweli."

Tulikula. Mzee alirudi, akala akizungumza habari za asali. Nikaifunga gia kwenye kanga, nikaiweka kwenye kikapu, nikaaga.

Ndiyo, niliichukua. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia sehemu hii kwa namna nyingine. Ningeweza kusema sikuelewa, lakini nilielewa vizuri sana. Injini yangu ilikuwa nzima na gia yangu imekufa. Gia yake ilikuwa nzima na injini yake imekufa. Katika mbili ingetoka moja, na yeye alikuwa na mgonjwa wa kubeba, mimi nilikuwa na madaftari. Yote hayo niliyajua nikiwa bado jikoni. Lakini nilijiambia watoto wake watakodi gari. Nilijiambia yeye mwenyewe ndiye aliyesema chukua. Nilikuwa nimetembea mlima mzima, miguu inawaka, na nilitaka kurudi nyumbani na kitu changu.

Fundi aliifunga gia kwa siku mbili. Trekta likatembea vizuri kuliko miaka mingi, bila hata ule mvumo wa zamani wa nyuma. Nikalipeleka Mbande, nikalipeleka Hombolo. Sikupata raha. Kila nikikitazama kigari, na mfuko wangu wa mbegu umekaa pale peke yake, niliona mto wa maua.

Simu zetu zikawa fupi. Hapakuwa tena na injini mbili za kuzungumzia.

"Shikamoo baba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Yupo."

"Na kliniki?"

"Tutakwenda. Kuna gari la mtu litashuka wiki ijayo."

Wiki ijayo ilipofika gari la mtu lilikuwa limeharibika, au mwenyewe amesafiri, au mvua. Mwezi ukapita. Ukapita mwingine. Siku moja akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba mama amepata kidonda mguuni na hakitaki kupona. Nikasema pole. Akasema tumeshapoa. Tukakata.

Jioni ile nilifika nyumbani, nikazima pikipiki uani, nikabaki nimeikalia. Sijui ni muda gani. Mume wangu alitoka na kikombe cha chai.

"Una nini?"

Nikamweleza yote: jikoni, mwiko, nyonga, mto, kidonda. Hakuwa akijua. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba nilipata gia. Alisikiliza amesimama, chai inapoa mkononi.

"Sasa unataka nikuambie uipeleke," akasema, "au unataka nikuambie usiipeleke?"

"Sitaki uniambie chochote."

"Vizuri. Maana unajua." Akanywa chai. "Unakwenda lini?"

"Jumamosi."

"Twende wote. Sitaki ukwame peke yako huko Haneti na hilo dude."

Katika miaka yote ile mume wangu hakuwahi kukaa ndani ya kigari. Alikuwa akisema mwalimu akionekana humo hatafundisha tena darasa likanyamaza. Jumamosi ile alivaa kofia ya sufu ya mama yake, miwani ya jua, na koti langu la mvua, akajikunja humo ndani magoti yakiwa karibu na kidevu, akasema, "Ondoa kabla majirani hawajaamka." Walikuwa wameshaamka. Walitushangilia mpaka kwenye lami.

Tulikwenda zaidi ya saa nne. Upepo ulikuwa wa mbele njia nzima, na kwenye kila lori lililotupita nilishika usukani kwa nguvu zote mpaka mabega yakafa ganzi. Haneti tulinunua ndizi. Kabla ya Chemba nilimtazama mume wangu nikamkuta amelala, mdomo wazi, kofia imemfunika jicho moja. Sikuwa na mawazo makubwa njiani. Watu hudhani ukiachana na kitu ulichokipenda unakumbuka kila siku mliyokuwa pamoja. Mimi nilikuwa nawaza mgongo wangu, na kama petroli itafika, na kama breki zitashika kule kwenye makorongo.

Mzee alitusikia kabla hajatuona. Tulipotokea uani kwake alikuwa amesimama tayari, na uso wake ulikuwa wa hasira.

Hakunisalimia. Aliizunguka pikipiki. Akainama upande wa kushoto, akainuka.

"Kabureta hii inakunywa sana," akasema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kuileta."

"Sikukuomba."

"Najua hukuniomba."

"Nilikupa ile gia kwa moyo mmoja. Mtu akikupa kitu kwa moyo hurudishi."

"Nimekurudishia gia yako," nikasema. "Ila imekuja na vitu vingine."

Mume wangu alikuwa bado anajaribu kujitoa kwenye kigari, mguu mmoja umekufa ganzi. Mzee alimpa mkono akamvuta, bila kuacha kunitazama mimi. "Na wewe utatembelea nini? Wakulima wako utawafikiaje? Mimi ni mzee, safari zangu zimekwisha. Wewe bado una kazi ya watu."

Nikaanza kumjibu, naye akaanza kunijibu juu ya jibu langu, na sauti zetu zikapanda. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na mzee mwenye kiburi ananikatalia kitu ambacho kimenigharimu usingizi. Nilimwambia neno baya. Nilimwambia kwamba heshima yake inamlia mkewe mguu.

Akaacha kunitazama. Nikajuta hapohapo, maana sasa alijua mkewe alikuwa amesema.

Ndipo mkewe akatoka ndani. Hatukumsikia. Alikuja na fimbo yake, taratibu, mguu umefungwa kitambaa, mto wa maua kwapani. Akapita katikati yetu. Akatupa mto kwenye kiti cha kigari, akashika ukingo, akageuka, akajishusha kwa pumzi moja ndefu mpaka akakaa. Akapanga kanga yake magotini.

"Mimi nimeshakaa," akasema. "Gombaneni."

Mume wangu alicheka wa kwanza. Mzee hakucheka, lakini alikwenda upande wa kushoto, akapiga goti, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kuikaza kabureta. Hakusema asante siku ile, na hajasema mpaka leo. Alisema tu, akiwa ameinama vilevile, kwamba nimekuwa nikiiendesha vibaya muda mrefu na kwamba anashangaa imefika.

Tulirudi kwa basi. Mume wangu alinipa kiti cha dirishani. Nililala mpaka Dodoma, sikuota kitu.

Sasa nina pikipiki ya kawaida, nyekundu, ya kubonyeza kitufe. Inawaka kabla sijamaliza kuifikiria. Wiki ya kwanza tu shemeji alikuja kuiazima, na akairudisha kesho yake jioni ikiwa imebaki na kioo kimoja. Kituo cha mafuta wananijazia bila kuniuliza lolote. Nimebakiza mwaka na kidogo nistaafu, na mgongo wangu unanishukuru. Sitaki mtu anione mwema. Zipo asubuhi napita na kitu hiki chepesi kwenye barabara ya Kibaigwa, madereva wa malori wananipita bila kugeuza shingo, na ninaona uchungu wa kweli, wa kitoto. Siku nyingine sioni kitu. Nakwenda shambani, narudi, nalala.

Wiki iliyopita yule mama alinipigia yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamerudi kutoka kliniki. Kidonda kimefunga, akaniambia, ingawa ngozi bado ni laini, na dawa zake za presha zimebadilishwa. Njiani walikuta korongo limejaa maji, wakangoja tangu saa nne mpaka saa nane, yeye kwenye kigari, mzee kwenye jiwe, wanakula karanga.

"Mligombana?" nikamuuliza.

"Kidogo. Yeye alitaka tuvuke."

"Na sasa yuko wapi?"

"Amelala. Amechoka." Nikasikia anasogeza kigoda. "Na wewe, mwanangu, umechoka?"

"Nimechoka, mama."

"Haya," akasema. "Niambie, alizeti huko kwenu mmeshavuna?"

Nikamwambia bado, mvua ilichelewa, labda baada ya wiki mbili. Akasema kwao panya wameanza kula vichwa. Nikamweleza dawa ya kutumia, na namna ya kuiweka kuku wasiifikie.